Kabla ya Kumwita Mtoto Mkaidi

Katika miaka 16 ambayo nimekuwa nikisomesha watoto Qur'ani hapa Qurus, wilayani Karatu, sijasikia neno linalowatoka wazazi kwa wepesi kama neno "mkaidi". Mtoto akichelewa kuitika, mkaidi. Akisahau leo aya aliyoihifadhi jana, mkaidi. Akilia bila sababu tunayoiona, au akijitenga wenzake wanapocheza, ni huyo huyo mkaidi, na pengine huongezewa kuwa tabia hiyo ameirithi upande wa baba au upande wa mama, kutegemea nani anayezungumza. Kisha huletwa madrasa, na mimi huambiwa: "Ustadha, huyu nakukabidhi, mnyooshe."

Sikukusudia kuandika haya ili kuwatetea watoto watundu. Utundu upo, na malezi bila adabu si malezi. Ninachotaka kuwaeleza wazazi wenzangu ni kwamba baadhi ya watoto tunaowaita wakaidi ni wagonjwa, na wengine wamebebeshwa mizigo inayozidi umri wao. Ipo elimu inayochunguza jambo hili, elimu ya afya ya akili na makuzi ya watoto, na sehemu ya uchunguzi wake imefanyika karibu na sisi: Hai mkoani Kilimanjaro, Haydom wilayani Mbulu, na Kilifi katika pwani ya Kenya. Elimu hii haipingani na dini yetu. Inatufundisha kuangalia kabla ya kuhukumu.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa miaka 9 ambaye alikuwa akikatisha kisomo ghafla. Macho yake yalitulia mahali pamoja, midomo ikatikisika kidogo, na baada ya sekunde chache akaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Shuleni alikuwa akiadhibiwa kwa dharau. Nyumbani walikwisha mpeleka kwa mganga, akakaa huko siku nyingi akifukizwa, na mbuzi wawili wa familia wakaenda. Nilimtazama kwa majuma kadhaa bila kumwambia mtu. Nikaona kuwa jambo lile humpata pia anapokula, na humpata uwanjani mpira ukiwa miguuni mwake. Mtoto mwenye dharau humchagua wa kumdharau, lakini huyu alikuwa akiudharau hata mpira anaoupenda.

Nilikwenda kuzungumza na mama yake, na kwa pamoja tukampeleka hospitali. Daktari alimuuliza mama maswali mengi kuliko nilivyotarajia: linaanzaje, linachukua muda gani, anakumbuka nini baadaye, alizaliwaje, amewahi kuugua malaria kali. Mwisho akatuambia kuwa mtoto ana kifafa, aina isiyomwangusha mtu chini. Alipewa vidonge vya kila siku. Alhamdulillah, hali yake ilitengemaa taratibu, na mwaka uliofuata alihitimu Juzuu Amma. Lakini sikusahau alichosema mama yake siku ile tulipokuwa tukirudi kwa miguu, upepo wa Karatu ukitupiga vumbi usoni. Alisema: "Ustadha, fimbo zote zile alichapwa kwa jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua."

Najua kuwa baadhi ya wasomaji watauliza: je, hili si jini? Swali hili lina haki ya kujibiwa kwa heshima. Kuamini kuwepo kwa majini ni sehemu ya imani yetu, na kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo jema lenye asili katika Sunna. Lakini ndani ya Sunna hiyo hiyo imo habari ya mwanamke aliyekuwa akipatwa na kifafa, aliyemjia Mtume (s.a.w.) kumwomba amwombee dua. Alipewa hiari: asubiri na malipo yake yawe Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira, ila akaomba asifunuke mwili anapoanguka, na akaombewa hilo. Ibn Abbas (r.a.) alikuwa akimwonyesha mwanafunzi wake Ata bin Abi Rabah mwanamke huyo kuwa ni mtu wa Peponi. Hakufungwa kamba, hakunyimwa chakula, hakuchapwa ili aliyemo atoke. Alisikilizwa, na stara yake ikalindwa. Aidha Mtume (s.a.w.) aliwahimiza watu kujitibu, na akafundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa. Basi anayemsomea mwanawe usiku na kumpeleka hospitali asubuhi hajapunguza chochote katika imani yake.

Wataalamu waliowafuatilia watoto wenye kifafa wilayani Hai walitoa matokeo yao mwaka 2011. Waliwalinganisha watoto hao na wenzao wa vijiji vile vile wasio na kifafa. Katika watoto wenye kifafa, takriban wawili kati ya watatu walikutwa na matatizo ya tabia: kutotulia, kushindwa kuzingatia, hasira, kukosa kupatana na wenzao. Katika wale wasio na kifafa, ilikuwa ni karibu mmoja kati ya watano. Tafakari maana yake kwa mzazi. Mtoto huyu hakuchagua kuwa msumbufu. Ubongo ule ule unaompa degedege ndio unaomfanya ashindwe kutulia, na juu yake akiongezewa kejeli za wenzake na kufichwa ndani na jamaa zake, tabia huzidi kuharibika.

Huko Kilifi, ambako kituo cha utafiti wa afya kimefanya kazi kwa miongo kadhaa, watafiti waliwachunguza zaidi ya watoto 10,000 wa miaka 6 hadi 9. Walianza na maswali kumi mepesi yanayoulizwa kwa mama: je, mtoto alichelewa kukaa au kutembea ukimlinganisha na wenzake? Anaona vizuri? Anasikia? Anaelewa unapomwambia jambo? Huwa anapatwa na degedege au kupoteza fahamu? Hujifunza mambo kama wa rika lake? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa watoto 61 katika kila 1,000 walikuwa na kasoro ya ubongo au mishipa ya fahamu iliyo ya kiasi cha kati au kali. Miongoni mwa yaliyohusishwa na hali hiyo ni matatizo wakati wa kuzaliwa. Ni hesabu ya kutisha kidogo ukiigawa: katika madarasa mawili ya watoto 50, huenda wamo sita. Katika miaka hiyo hiyo Profesa Amina Abubakar, binti wa Kenya ambaye leo ni miongoni mwa mabingwa wa fani hii barani Afrika, alishiriki kutengeneza kipimo cha makuzi kilichopewa jina la Kilifi, kinachotumia vitu ambavyo mtoto wa kijijini kwetu anavijua, ili asihesabiwe mjinga kwa sababu tu hajawahi kuona kitu cha kizungu.

Si kila mtoto anayesumbuka ana ugonjwa wa ubongo. Wengi zaidi wanasumbuliwa na mazingira. Hapa inafaa tumtaje Michael Rutter, daktari aliyezaliwa Lebanon mwaka 1933 na kufanya kazi Uingereza, ambako alikuwa profesa wa kwanza wa magonjwa ya akili ya watoto. Yeye na wenzake waliyahesabu mambo yanayohatarisha makuzi ya mtoto ndani ya familia: ugomvi mkali wa wazazi, umaskini, msongamano ndani ya nyumba, mama kuugua kiakili, baba kuwa mhalifu, mtoto kuondolewa nyumbani na kulelewa na mamlaka. Walichokikuta kiliwashangaza. Mtoto mwenye moja tu kati ya mambo hayo hakuwa katika hatari zaidi ya yule asiye na hata moja. Yalipokutana mawili, hatari ilipanda takriban mara nne, na yalipofika manne au zaidi ilipanda zaidi sana.

Sisi wa Qurus tunaweza kuyaelewa haya bila kwenda chuo kikuu, kwa sababu maji yetu tunayabeba kwa punda. Punda aliyebebeshwa madumu mawili hupanda mlima. Ukimwongezea la tatu husitasita. Ukimwongezea na gunia la mbaazi, atapiga magoti katikati ya njia, na hapo apitaye atasema punda huyu mvivu. Hakuna aliyehesabu mizigo. Jambo la kutia moyo ni kwamba hesabu hii hufanya kazi pande zote mbili: ukishusha dumu moja tu, punda husimama. Huwezi kumwondolea mtoto umaskini leo, wala huwezi kumrudisha baba yake aliyefariki. Lakini ugomvi wa usiku unaweza kuuzima, matusi unaweza kuyaacha, na fimbo unaweza kuiweka chini.

Kuhusu fimbo tuzungumze kwa uwazi. Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania, kwa ushirikiano wa UNICEF, Chuo Kikuu cha Muhimbili na wataalamu kutoka Marekani. Karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike na wa kiume, walisema walipigwa ngumi, mateke au mijeledi, au walitendewa ukatili mwingine wa mwili, na ndugu au mtu mwenye mamlaka juu yao kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walichapisha mahojiano yao na watoto 409 wa shule ya msingi nchini. Asilimia 95 walikuwa wamewahi kuadhibiwa kwa kipigo, nyumbani na shuleni. Na kadiri kipigo cha wazazi kilivyokuwa kingi, ndivyo mtoto alivyoonekana kuwa mgomvi zaidi, na ndivyo alivyopungukiwa na wema kwa wenzake. Mzazi atasema: nampiga kwa sababu ni mgomvi. Inawezekana. Lakini basi dawa hii tumeinywesha kizazi kizima na ugomvi haujapona. Baadaye watafiti wa kundi hilo, akiwemo Mabula Nkuba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliwapa walimu wa sekondari mafunzo ya siku chache kuhusu kuelewana na wanafunzi na kuadabisha bila kupiga, na vipigo vikapungua katika shule zilizopata mafunzo hayo. Walimu hawakuwa watu wabaya. Walikosa njia nyingine.

Hapa huwa nasomewa Hadithi ya kuwafundisha watoto swala wakiwa na miaka saba, na kuwapiga kwa kuiacha wakifika kumi. Naiamini na naiheshimu. Ila tuisome yote. Kati ya saba na kumi kuna miaka mitatu, na katika miaka mitatu swala tano zinaingia zaidi ya mara 5,000. Hiyo ni mialiko zaidi ya 5,000 ya upole kabla ya kufikiriwa pigo moja. Kisha wanavyuoni wakaliwekea pigo hilo masharti: lisiwe usoni, lisijeruhi, lisiwe la hasira, na liwe na faida. Mzazi anayechapa kwa sababu kikombe kimevunjika, tena akiwa amefura, asijifiche nyuma ya Hadithi hii. Amtazame pia Anas bin Malik (r.a.), aliyeingia katika nyumba ya Mtume (s.a.w.) akiwa mtoto, akamtumikia miaka 10, na akasimulia kuwa hakuwahi kukaripiwa hata kwa neno la kuudhika. Anas yule alikua akawa miongoni mwa waliotupokelea Hadithi nyingi zaidi.

Mzigo mwingine ni ule unaombebesha mama. Mama aliyejifungua na kubaki na huzuni isiyoisha, asiyelala, asiyetamani hata kumshika mwanawe, si mama mbaya. Ni mgonjwa, na ugonjwa wake humgusa mtoto anayehitaji kuongeleshwa na kuchekeshwa ili ubongo wake ukue. Hospitali ya Haydom, jirani zetu wa Mbulu, ilishiriki kuanzia mwaka 2009 katika utafiti wa nchi nane uliowafuatilia watoto tangu kuzaliwa, nyumba kwa nyumba, kuhusu lishe, maradhi ya tumbo na makuzi. Kisha mwaka 2017 ukaanza utafiti mwingine huko huko, wa watoto zaidi ya 1,000, kuona kama dawa za kuua vijidudu na vitamini zingewasaidia kukua. Jibu lilikuwa la kweli na la kunyenyekeza: dawa hizo hazikuwaongezea kimo. Nililiona hilo kuwa somo. Mizigo mingi haiondolewi kwa kidonge kimoja. Huondolewa kwa chakula, maji safi, mama aliyepumzika, na baba aliyepo.

Kisha mtoto anabalehe, na hapo wengi wetu tunamwachia njia. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na kwamba theluthi moja ya matatizo ya akili huanza kabla ya miaka 14. Hapa kwetu umri huo ndio wa mvulana kuacha shule akaenda kuvuna vitunguu Mang'ola, au kukaa barabarani akisubiri magari ya watalii wa Ngorongoro. Ndio umri wa msichana kuvunja ungo na kuanza kuambiwa habari za posa. Nilimwona mmoja wa umri huo baada ya wazazi wake kuachana. Alikuwa akihifadhi kurasa mbili kwa juma. Akawa anakuja, anakaa pembeni, hafungui msahafu. Akakonda. Shangazi yake aliniambia ameanza kiburi. Siku moja nilimwomba abaki anisaidie kukunja mikeka, nikamuuliza tu kama anapata usingizi. Alilia mpaka Magharibi ikaadhiniwa. Kumbe alikuwa akitamani asiamke tena. Tulimtafutia mshauri, shangazi akaambiwa ukweli, na baba yake akakubali kuwa anamjia kila Ijumaa. Alhamdulillah, yu hai na anasoma. Ningemnyoosha kama nilivyoombwa, sijui leo ningekuwa naandika nini.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu miongoni mwetu tunadhani kutaja mauti ya kujitakia ni kuyaita. Kumuuliza kijana kwa upole kama anajisikia kuchoka na maisha hakumtii wazo hilo kichwani. Humfungulia mlango. Na akikujibu kuwa ndiyo, usimjibu kwa fatwa. Kaa naye, usimwache peke yake, ondoa sumu za shambani mahali anapozifikia, kisha mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Hukumu ya tendo anaijua. Anachokosa ni mtu.

Basi tufanye nini? Kwanza, tujizoeze kuuliza kabla ya kuita. Linatokea lini, mara ngapi, mahali gani, na lilianza baada ya nini? Mzazi atakayeyachunguza hayo kwa juma moja ana habari ambazo hakuna kipimo cha hospitali kitakachompa daktari. Pili, tutumie tulichonacho. Karatu tuna hospitali, ikiwemo FAME iliyofunguliwa mwaka 2008, ambako madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania wamekuwa wakija kila mwaka kuwaona wagonjwa, watoto wenye kifafa wakiwemo. Haydom ipo. Dawa ya kifafa ikishaanza isikatishwe kwa sababu mtoto amepata nafuu. Kuiacha ghafla kunaweza kurudisha degedege kali. Tatu, namba 116 ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto nchini kote, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Iandikwe ukutani madrasa. Nne, nawaomba maimamu wetu, pamoja na heshima yangu kwao, wautaje ugonjwa wa akili katika khutba kama wanavyoutaja ugonjwa wa moyo au wa sukari. Neno moja la mimbari huondoa aibu ambayo vipeperushi mia haviondoi.

Watoto ni amana, nasi tutaulizwa juu yao. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiingia katika swala akikusudia kuirefusha, akasikia kilio cha mtoto nyuma, akaifupisha kwa kumhurumia mama yake. Alikuwa imamu wa viumbe, yumo mbele ya Mola wake, na bado sikio lake lilikuwa kwa mtoto. Hakuuliza ni mtoto wa nani wala kwa nini hakufunzwa kunyamaza. Alisikia kilio, akakichukulia kuwa na maana.

Mwenyezi Mungu atujaalie masikio ya namna hiyo, awaponye watoto wetu wenye maradhi tunayoyaona na tusiyoyaona, na awape subira mama zao. Aamin.